Upatane na wadai, ufungue Sura ya 7, au Sura ya 13? Ulinganisho kwa mwenye madeni Marekani

Anayelemewa na madeni hapa Marekani huanza kwa swali moja: "Nadaiwa dola elfu arobaini, nifungue kesi ya kufilisika?" Swali hilo halijibiki, kwa sababu jumla peke yake haisemi kitu. Dola elfu arobaini za kadi za mkopo ni mzigo wa aina moja. Dola elfu arobaini ambazo nusu yake ni gari, robo ni kodi ya serikali, na robo ni mkopo aliokuwekea sahihi shemeji yako, ni mzigo mwingine kabisa, na dawa yake ni nyingine. Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia, chukua karatasi uandike nani anakudai. Kiasi kije baadaye.

Najua kuna kinachotangulia hata karatasi hiyo, nacho ni aibu. Tumelelewa tukiambiwa dawa ya deni ni kulipa, na wengi wetu tunaendelea kulipa kwa fedha ya pango, ya akiba ya uzeeni, hata ya chakula cha watoto, mradi tusionekane tumeshindwa. Linaloniuma zaidi ni mtu anayevunja akiba yake ya kustaafu, ile 401(k), ili kuwalipa watu wa kadi, kisha mwaka unaofuata anafilisika vilevile. Akiba ile sheria ingemlindia. Kufungua kesi ya kufilisika ni haki iliyomo katika sheria ya shirikisho, na si kosa la jinai. Hata hivyo si kila mwenye madeni anaihitaji, na anayeihitaji ana njia mbili zenye tabia tofauti sana. Ndiyo maana naziweka tatu zote mezani: kupatana na wadai bila mahakama, na zile mbili zinazoitwa kwa sura za sheria ya kufilisika, Sura ya 7 na Sura ya 13.

Wadai hawafanani

Gawa karatasi yako katika makundi matatu.

Kwanza, wadai wenye dhamana: benki iliyotoa rehani ya nyumba, kampuni iliyokopesha gari. Hawa wameshika kitu. Usipolipa, wanakifuata kile kitu.

Pili, wadai wa kipaumbele, ambao sheria imewatanguliza: matunzo ya mtoto au ya mtalaka, na kodi ya mapato ya miaka ya karibuni.

Tatu, wadai wa kawaida: kadi za mkopo, hospitali, mikopo ya haraka ya kusubiri mshahara, bili za simu, baki la gari lililokwisha kuchukuliwa na kuuzwa. Hawa ndio wanaopiga simu kuliko wote, na kisheria ndio wenye nguvu ndogo kuliko wote. Watu wengi hulipa kwa kufuata kelele: anayepiga simu sana analipwa kwanza, huku rehani ikirudi nyuma miezi mitatu. Ukijifunza jambo moja tu hapa, liwe hilo.

Kisha weka alama kwenye kila deni ambalo mtu mwingine ametia sahihi nawe. Na usimsahau ndugu aliyekukopesha kwa mdomo, wala wenzako wa upatu kama umeshapokea zamu yako na bado unachangia. Kisheria nao ni wadai kama benki.

Vigezo vitano

Kila njia nimeipima kwa maswali yaleyale: simu, barua na mashtaka yanakoma? Nyumba na gari vinakuwaje? Aliyekudhamini anapatwa na nini? Madeni gani yanabaki mwishoni? Na inagharimu nini, kwa muda gani? Baada ya hapo nasema inamfaa nani.

Njia ya kwanza: kupatana na wadai bila mahakama

Njia hii ina sura mbili. Moja ni wewe mwenyewe, au wakili wako, kumwendea mdai na kumpa fedha kwa mkupuo, pungufu ya deni, akubali kufuta linalobaki. Nyingine ni mpango wa ulipaji kupitia shirika la ushauri wa mikopo lisilo la faida: unalipa kiasi kimoja kwa mwezi, shirika linawagawia wadai, nao kwa kawaida wanashusha riba. Katika mpango huo deni lenyewe unalilipa lote.

Simu na mashtaka. Hakuna zuio lolote la mahakama. Kuna ulinzi wa kiasi dhidi ya wakusanya madeni, chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1977: hawaruhusiwi kupiga kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 3 usiku, na kanuni zilizoanza kutumika Novemba 2021 zinachukulia kwamba anayepiga zaidi ya mara 7 ndani ya siku 7 kwa deni moja amevuka mpaka. Ukipata taarifa yao ya kwanza una siku 30 za kulipinga deni kwa maandishi na kutaka uthibitisho. Unaweza pia kuwaandikia waache kabisa kuwasiliana nawe. Lakini ulinzi huu ni dhidi ya mkusanyaji, na kwa sehemu kubwa haumgusi mdai wa asili, yaani benki yenyewe ikikupigia. Wala hauzuii kesi. Ukishtakiwa usijibu, mahakama inatoa hukumu, na hukumu hufungua mlango wa makato ya mshahara. Kikomo cha shirikisho kwa madeni ya kawaida ni asilimia 25 ya mshahara baada ya makato ya kisheria. Baadhi ya majimbo yana kikomo cha chini zaidi.

Nyumba na gari. Mwenye dhamana hana sababu kubwa ya kukupunguzia. Unachoweza kumwomba ni muda: kusogeza malipo ya miezi miwili mwishoni mwa mkopo, au kurekebisha masharti ya rehani. Omba mapema, kabla nyumba haijafika hatua ya kunadiwa.

Aliyekudhamini. Hapa wengi hujikwaa. Mdai anaweza kukusamehe wewe na kumfuata mdhamini kwa kilichobaki. Barua ya makubaliano itaje kwa jina kwamba wote wawili mmeachiliwa, na uwe nayo mkononi kabla hujatuma hata senti.

Kinachobaki. Asiyeafiki haguswi na makubaliano ya wenzake. Ukiwa na wadai kumi, tisa wakakubali, wa kumi bado anaweza kwenda mahakamani. Na kuna jambo linaloshtua watu msimu wa kodi: deni lililofutwa la dola 600 au zaidi huripotiwa serikalini kwa fomu 1099-C, na huhesabiwa kama kipato chako. Kama siku lilipofutwa madeni yako yalizidi mali zako, fomu 982 inaweza kukuondolea kodi hiyo, lakini lazima uijaze. Deni lililofutwa kwa kufilisika halihesabiwi kuwa kipato.

Kuwa mwangalifu pia na deni kuukuu. Kila jimbo lina ukomo wa miaka ya kushtaki, na katika majimbo mengi malipo madogo tu ya nia njema huanzisha hesabu upya.

Gharama na muda. Ukipatana mwenyewe, gharama ni ile fedha ya mkupuo. Mpango wa shirika huchukua miaka 3 hadi 5. Ama kampuni zinazojitangaza kumaliza madeni yako kwa nusu, mimi nina shaka nazo kubwa. Nyingi hukuambia uache kulipa uwawekee fedha wao, na wakati fedha inakusanyika wadai wanakushtaki. Tangu 2010 kanuni ya shirikisho inazikataza kampuni zinazouza huduma hiyo kwa simu kutoza ada kabla hazijamaliza hata deni moja. Anayetaka ada mwanzoni ameshakuonyesha alivyo.

Inamfaa nani. Mwenye wadai wachache, mmoja au wawili wakubwa, na fedha ya kutoa sasa hivi. Au mwenye kipato kizuri ambaye kinachomuua ni riba. Inamfaa pia mwenye mali ambayo Sura ya 7 isingeilinda.

Njia ya pili: Sura ya 7

Hii ndiyo watu wengi wanayoifikiria wakisikia kufilisika. Anateuliwa msimamizi, naye anachukua mali zako zisizolindwa na kuwagawia wadai, na madeni mengi ya kawaida yanafutwa. Kwa vitendo, walio wengi hawana mali ya kuchukuliwa: nguo, samani, gari la kawaida, vyombo vya kazi na akiba ya kustaafu kwa kawaida vimo katika orodha ya vinavyolindwa. Kiasi kinachotofautiana sana kati ya majimbo ni thamani ya nyumba. Texas na Florida hulinda makazi bila ukomo wa thamani, ingawa zina ukomo wa ukubwa wa ardhi. Kwingine ulinzi ni mdogo. Kama hukuishi jimbo lako la sasa kwa siku 730 zilizotangulia, huenda ukatumia sheria za jimbo ulilotoka.

Unaingia kwa kupimwa kipato. Wastani wa mapato yako ya miezi 6 iliyopita hulinganishwa na kipato cha kati cha kaya yenye idadi ya watu kama yako katika jimbo lako. Ukiwa chini, umepita. Ukiwa juu, kuna hesabu ya pili inayotoa matumizi yanayokubalika.

Simu na mashtaka. Dakika kesi inaposajiliwa, zuio linaanza lenyewe bila kuombwa. Simu, barua, kesi za madai, makato ya mshahara, kuchukuliwa gari, mnada wa nyumba: vyote vinasimama. Mdai akipiga, mpe namba ya kesi, jina la mahakama na tarehe ya kusajiliwa, kisha uandike saa na jina la aliyepiga. Akiendelea kwa makusudi, mahakama inaweza kumtoza fidia. Zuio lina mipaka: halisimamishi kesi za jinai, wala ukusanyaji mwingi wa matunzo ya watoto. Na kama ulikuwa na kesi nyingine iliyotupwa ndani ya mwaka uliopita, zuio la safari hii ni la siku 30 tu mpaka mahakama ilirefushe.

Nyumba na gari. Sura ya 7 haina chombo cha kulipia malimbikizo. Kama umerudi nyuma kwenye rehani, zuio linakupa miezi kadhaa ya kupumua, basi. Benki inaweza kuiomba mahakama iliondoe. Kwa gari una maamuzi matatu ya kutangaza ndani ya siku 30: kulirudisha, kulikomboa kwa kulipa thamani yake ya sasa kwa mkupuo, au kusaini upya deni. Hili la tatu lifikirie mara mbili. Ukisaini upya, deni hilo linatoka kwenye msamaha, yaani halifutwi na mahakama. Gari likichukuliwa mwakani unadaiwa tofauti yote kama vile hukuwahi kufilisika. Ukibadili mawazo, unaweza kuuvunja mkataba huo kabla ya amri ya msamaha au ndani ya siku 60 tangu uwasilishwe mahakamani, yoyote itakayochelewa.

Aliyekudhamini. Hana kinga. Deni lako linafutwa, lake linabaki, na siku hiyohiyo mdai anaweza kumgeukia. Kama mdhamini ni mama yako, hili laweza kuwa jambo zito kuliko yote. Sheria haikukatazi kuendelea kulipa deni lililofutwa kwa hiari yako, na wapo wanaofanya hivyo ili kumlinda ndugu.

Kinachobaki. Matunzo ya mtoto na mtalaka, kodi za karibuni, faini nyingi za serikali, madeni ya udanganyifu, na fidia ya kumuumiza au kumuua mtu kwa kuendesha umelewa. Kodi ya mapato inaweza kufutwa kama marejesho yake yalipaswa kuwasilishwa zaidi ya miaka 3 iliyopita, uliyawasilisha kweli zaidi ya miaka 2 iliyopita, na serikali ilikadiria deni zaidi ya siku 240 zilizopita. Mikopo ya masomo haifutiki mpaka uthibitishe dhiki isiyo ya kawaida katika shauri la pembeni. Tangu Novemba 2022 Wizara ya Sheria imeweka fomu ya maelezo inayorahisisha njia hiyo kwa mikopo ya serikali kuu, hivyo usikubali jibu la haraka kwamba haiwezekani.

Kitu kingine watu hawakijui: Sura ya 7 hufuta madeni ya kabla ya siku ya kusajili tu. Kama bado uko kwenye matibabu na bili zinaendelea kuja, ukifungua leo, za kesho ni zako, na hutapata msamaha mwingine wa Sura ya 7 mpaka ipite miaka 8 tangu kufungua kesi hii.

Gharama na muda. Ada ya mahakama ni dola 338. Unaweza kuomba kuilipa kwa awamu nne, au kusamehewa kama kipato cha kaya kiko chini ya asilimia 150 ya kiwango cha umaskini. Ada ya wakili kwa kawaida hulipwa kabla ya kufungua. Kesi isiyo na mvutano huisha kwa takriban miezi 4. Kumbukumbu yake hukaa kwenye taarifa zako za mikopo hadi miaka 10.

Inamfaa nani. Asiye na mali kubwa, mwenye kipato cha chini au cha kati, ambaye madeni yake mengi ni ya kundi la tatu na hakuna ndugu aliyemdhamini.

Njia ya tatu: Sura ya 13

Hapa hupeleki mali, unapeleka kipato. Unawasilisha mpango wa kulipa kwa miaka 3 hadi 5, mahakama ikiuridhia unamlipa msimamizi kila mwezi naye anawagawia wadai. Lazima uwe na kipato cha kudumu, na madeni yasizidi ukomo: tangu 1 Aprili 2025 ni dola 526,700 kwa yasiyo na dhamana na dola 1,580,125 kwa yenye dhamana.

Simu na mashtaka. Zuio ni lilelile, ila linadumu kwa miaka yote ya mpango maadamu unalipa.

Nyumba na gari. Hapa ndipo Sura ya 13 inapoonyesha thamani yake. Ukiwa umerudi nyuma miezi minane kwenye rehani, miezi hiyo minane inagawanywa ndani ya mpango, nawe unaendelea kulipa ya kila mwezi kama kawaida. Benki haiwezi kukataa kwa sababu tu haipendi, na huhitaji kumbembeleza afisa mikopo. Kesi lazima ifunguliwe kabla nyumba haijauzwa mnadani. Baada ya nyundo kugonga, mlango huu kwa kawaida umefungwa. Gari ulilolinunua kwa mkopo zaidi ya siku 910 kabla ya kufungua, unaweza kulipia thamani yake ya leo badala ya deni lote, na linalozidi linaungana na madeni ya kawaida. Mali ambayo Sura ya 7 ingeiuza unabaki nayo, kwa sharti kwamba wadai wa kawaida wapate kupitia mpango angalau kile ambacho wangepata kama ingeuzwa.

Aliyekudhamini. Kwa madeni ya matumizi ya nyumbani, zuio linamfunika na yeye, kwa kiwango ambacho mpango wako unalilipa deni hilo. Sura ya 7 haina kitu kama hiki.

Kinachobaki. Wa kipaumbele wanalipwa kikamilifu ndani ya mpango. Kwa kodi za karibuni hilo ni nafuu ya kweli, kwa kuwa unazilipa polepole bila akaunti yako ya benki kushikwa. Wadai wa kawaida hupata kinachobaki, mara nyingine asilimia ndogo sana, na salio linafutwa mwishoni. Baadhi ya madeni ya mgawanyo wa mali baada ya talaka, ambayo Sura ya 7 haiyagusi, hufutika hapa. Matunzo hayafutiki.

Gharama na muda. Ada ya mahakama ni dola 313, na sehemu kubwa ya ada ya wakili inaweza kuingizwa ndani ya mpango. Msimamizi huchukua hadi asilimia 10 ya unacholipa. Malipo ya kwanza yanatakiwa ndani ya siku 30 tangu kufungua, hata kama mpango haujaridhiwa, na wengi huanguka hapohapo. Mashirika ya taarifa za mikopo kwa kawaida huiondoa kumbukumbu yake baada ya miaka 7.

Niseme wazi kuhusu ugumu wake. Kesi nyingi za Sura ya 13 hutupwa kabla ya kukamilika. Miaka 5 ni mirefu: kazi inakatika, gari linaharibika, msiba unatokea nyumbani na fedha inatakiwa leo. Kesi ikitupwa bila msamaha, madeni yanarudi na riba yake, na umeshalipa miezi kadhaa. Hali ikibadilika, mwambie wakili kabla ya kukosa malipo. Mpango unaweza kurekebishwa, na kesi inaweza kugeuzwa kuwa Sura ya 7, lakini wa kuomba ni wewe.

Inamfaa nani. Mwenye nyumba anayetaka kubaki nayo na ambaye mshahara umerudi. Mwenye deni la kodi au malimbikizo ya matunzo. Mwenye kipato cha juu mno kwa Sura ya 7. Na mwenye mdhamini wa kulindwa.

Yanayofanana ukichagua mahakama, ya 7 au ya 13

Ndani ya siku 180 kabla ya kufungua lazima upate ushauri wa mikopo kutoka shirika lililoidhinishwa, na baada ya kufungua kuna somo la pili la usimamizi wa fedha. Ukilikosa la pili, msamaha hautolewi.

Kisha kuna mkutano wa wadai. Jina lake linatisha kuliko wenyewe. Hufanyika siku 21 hadi 40 baada ya kufungua Sura ya 7, au hadi 50 kwa Sura ya 13, na siku hizi mara nyingi ni kwa video. Hakuna hakimu. Msimamizi anakuapisha, anaangalia kitambulisho, anauliza kuhusu mali, kipato na uhamisho wa fedha. Wadai wana haki ya kuja na kuuliza. Kwa kawaida hawaji. Anayekuja mara nyingi ni wa gari, au mtu binafsi anayeamini ulimdanganya. Mjibu kwa kweli na kwa ufupi. Kama Kiingereza kinakupa shida, mkalimani kwa simu hutolewa bila malipo. Mwambie wakili au msimamizi mapema. Usimtumie mtoto wako.

Orodha ya wadai iwe kamili. Kila mmoja, na anwani yake, hata yule unayetaka kuendelea kumlipa, hata binamu. Mdai ambaye hakutajwa hakupata taarifa, na deni lake linaweza kubaki. Vuta taarifa zako za mikopo kutoka mashirika yote matatu, Equifax, Experian na TransUnion, kisha uongeze yasiyoonekana humo, kama hospitali na watu binafsi.

Mali zilizoko nje ya Marekani nazo huandikwa. Kiwanja ulichonunua kijijini, nyumba uliyoijenga polepole ambayo hati yake ina jina lako, gari analoendeshea kaka, salio la fedha kwenye simu, na zamu yako ya upatu ambayo hujapokea. Hapa ndipo nawaona watu wakijiumiza bila sababu. Wanadhani mahakama ya Ohio haiwezi kujua kuhusu kiwanja cha Kisumu au Bukoba. Wanaapa kwamba hawana kitu, na jambo ambalo lingepangwa vizuri na wakili linageuka kuwa jinai yenye kifungo cha hadi miaka 5 na faini hadi dola 250,000.

Vivyo hivyo kumlipa ndugu kwanza. Ukimrudishia dada yako mkopo wake miezi minne kabla ya kufungua, msimamizi anaweza kumfuata dada arudishe fedha hiyo. Kwa jamaa anaangalia nyuma mwaka mzima, kwa wengine siku 90. Usihamishe hati ya gari kwa mtu "kwa muda". Usiendelee kutumia kadi kwa kuwa zitafutwa. Manunuzi ya anasa ya siku 90 za mwisho huchukuliwa kuwa udanganyifu. Na kama mshahara wako unaingia katika benki ileile unayodaiwa, fungua akaunti kwingine kabla, maana benki inaweza kushikilia salio kufidia deni lake.

Kwa hali yako

Kadi na hospitali tu, umepanga nyumba, kipato kiko chini ya cha kati cha jimbo: anza na Sura ya 7, ila kwanza hakikisha bili mpya zimekoma kuja.

Mnada wa nyumba una tarehe na kazi umepata: Sura ya 13, wiki hii. Kama kazi bado hujapata, mpango hautasimama. Ongea na benki kuhusu kuuza mwenyewe kabla ya mnada.

Mdhamini ni mzazi au rafiki wa karibu: pima Sura ya 13 kwanza. Kama kila kitu kingine kinaelekeza ya 7, keti na mdhamini umweleze kabla barua ya mahakama haijamfikia.

Deni moja kubwa na fedha ipo: patana, kwa maandishi, na uulize kuhusu 1099-C.

Kipato chako chote ni Social Security, yale malipo ya serikali ya uzeeni au ulemavu, na huna mali: wadai wa kawaida hawawezi kukigusa. Huenda huhitaji njia yoyote kati ya hizi tatu. Barua ya kuwataka wakusanya madeni waache kuwasiliana nawe yaweza kutosha. Fedha hiyo iingie katika akaunti yake pekee, isichanganywe na nyingine.

Una ardhi au nyumba nje ya nchi: usijaze fomu yoyote kabla ya wakili wa kufilisika kuiona hati. Thamani yake ikizidi kinacholindwa, Sura ya 13 au mapatano yaweza kuwa ndiyo njia yako.

Umeshapelekewa hati ya mashtaka: ijibu ndani ya muda ulioandikwa humo, hata kama bado hujaamua njia. Hukumu ya kutojibu inampa mdai nguvu ambayo hakuwa nayo jana.

Huna fedha ya wakili: ofisi za msaada wa kisheria za jimbo lako hupokea kesi za Sura ya 7 za watu wa kipato kidogo, na mawakili wengi wa kufilisika hawatozi kikao cha kwanza. Mtu anayekujazia fomu kwa malipo bila kuwa wakili haruhusiwi kukushauri uchague sura ipi. Nenda kwenye kikao na ile karatasi yako ya majina, hati za mshahara za miezi 6, marejesho ya kodi, na kila barua uliyoogopa kuifungua.